Mujomba wa Eulalie

Nguba, Bukavu
Tarehe 20 Oktoba 1974

Mudogo wangu Marcellin,

Jambo sana. Barua yako ya kusema umefika salama tumeipata, na nimeisomea hata wale hawakuniomba kusikia. Uko namna gani na ile baridi? Kifua hakikusumbui? Vaa triko mbili, usione haya mbele ya Wazungu. Sisi tuko. Shemeki yako Aloys anakusalimia. Kazi ya biro inamuchosha, na kila siku ya posho, jumamosi asubui, iko salongo, ile kazi ya bure ya serikali, anarudi na matope mpaka ku magoti na kola ya koti yake ya abacost imepinda, na hakuna mutu wa kumulilia.

Eulalie wako anakaribia miaka sita. Unamujua, lakini nakupa habari mupya. Anazungusha kifuniko cha sufuria chini mpaka kinaimba, na kikianguka anaanza tena. Kengele ya kanisa ikilia anaziba masikio na kupiga kichwa ku ukuta. Akitaka kitu hanyoshi kidole. Anachukua mukono wangu na kuupeleka pale, bila kuniangalia, kama mukono wangu ni chombo chake. Maneno iko mawili tu: "mayi" na "fungua". Hiyo ya pili anaisema mbele ya mulango, juu anapenda kushuka kuona ziwa.

Mukwe wangu, maman Marie-Louise, ametuma mutu toka Kalehe kusema kwao hakujazaliwa mutoto wa hivi, ni tumbo ya kwetu imeleta. Wamemupeleka kwa mutu wa dawa, wamemuchanja ku mabega. Nilikubali, nikalia, nikakubali tena.

Kule Kavumu, mbele ya ndege, ulinishika bega ukasema: "Yaya, sitarudi bila jina la hii ugonjwa." Nimekaa na hiyo neno. Tangu papa na maman walituacha, mimi na wewe peke yetu, mimi dada yako nimekulea kwa cherehani, na sijajuta. Wengine wanaenda Bulaya kusomea sheria wawe wakubwa. Wewe umeomba doctorat juu ya watoto kama wangu. Mungu akuangalie.

Yaya wako,
Georgette


Bruxelles
Tarehe 15 Desemba 1974

Yaya wangu wa roho,

Nakusalimia sana, wewe na shemeki Aloys na Eulalie. Mimi niko muzima, kifua kimetulia. Huku jua linazimika mapema kama mutu amechoka na kazi yake.

Yaya, jina limepatikana. Wanaiita *autisme*. Mutoto anakuwa kama amefunga mulango na kukaa ndani peke yake. Profesa wangu iko na nyumba fasi wanalala watoto wa namna hii, na mimi ninasaidia pale kila siku mbele ya masomo. Siku ya kwanza nimeingia, nimekuta kijana mumoja anazungusha kifuniko. Nilitoka nje, nikasimama ku mulango, nikalia. Nilifikiri iko ya Eulalie peke yake duniani.

Profesa amefurahi kusikia habari yake. Anasema hakuna mutu amechunguza mutoto wa Afrika mwenye hii hali, na tèse yangu, kile kitabu cha doctorat, inaweza kuwa ya kwanza. Kwa hiyo nakuomba unisaidie. Niandikie toka mwanzo. Wakati wa mimba ulikuwa na furaha? Ulimunyonyesha namna gani? Ulimutaka hii mutoto, yaya? Usikasirike, ni maulizo ya kazi. Andika yote bila haya. Mimi ni mudogo wako, na sasa ni kama munganga wako.

Mudogo wako,
Marcellin


Nguba, Bukavu
Tarehe 9 Machi 1975

Mudogo wangu,

Amani iwe kwako. Nimechelewa kujibu, si ugonjwa. Maulizo yako nilikuwa nayafungua na kuyafunga.

Unajua Grégoire, mutoto wetu wa kwanza, alikufa na surua. Wewe ulikuwa Kisangani ku masomo. Wakati Eulalie alizaliwa bado nilikuwa nalia Grégoire. Siku za kwanza sikutaka kumuangalia usoni. Nilimunyonyesha huku naangalia ukuta, juu niliogopa nikimupenda yeye pia ataenda. Nyuma yake uoga ulipungua, nikamupenda mpaka leo, na zaidi ya leo. Hii sijamuambia mutu, hata Aloys. Aloys hakuniuliza kamwe kama nililia. Wewe umeuliza, ndiyo maana nakuandikia.

Sasa habari nzuri. Nikimubeba ku mugongo na kuimba ule wimbo wa Kimashi maman alikuwa anatuimbia, anavuma nao. Hasemi maneno, lakini sauti inapanda na kushuka fasi yake yote. Juzi niliimba vibaya kwa kusudi, akanifunika mudomo na mukono wake. Nilicheka mpaka majirani wakauliza iko nini.

Andika hayo pia ku tèse yako.

Yaya wako,
Georgette


Bruxelles
Tarehe 2 Julai 1975

Yaya mupenzi,

Salamu nyingi. Natumaini hamujambo wote, na mvua haijabomoa njia ya kushuka Nguba kama mwaka jana.

Barua yako nimeisoma mbele ya profesa, kwa kuigeuza Kifaransa. Akasema: "Kila kitu iko humu." Yaya, nakuomba usome hii polepole. Sayansi ya leo inasema mutoto hafungi mulango bila sababu. Anapozaliwa anatafuta uso wa mama yake. Akikuta ule uso umegeuka ku ukuta, anaelewa dunia haimutaki, na yeye pia anageuka. Si kusema wewe ni mubaya. Ulikuwa na kilio. Lakini mutoto mudogo hajui kilio, anajua baridi tu.

Dawa iko. Hapa wanaondoa mutoto kwa mama yake, muda murefu, anakaa na watu wengine wenye moyo mutulivu, mpaka afunguke. Mama haruhusiwi kumutembelea. Ni nguvu, najua, lakini nimeona watoto wanaanza kuangalia watu.

Nimeandikia shemeki Aloys pia, kwa Kifaransa, nikamueleza yote na sababu zake. Baba ana haki ya kujua. Usione hii kama hukumu. Ona kama mulango.

Mudogo wako,
Marcellin


Nguba, Bukavu
Tarehe 16 Novemba 1975

Marcellin,

Salamu. Niko muzima wa mwili.

Nakuambia namna ilikuwa, kwa sababu wewe uliandika kwamba unataka yote.

Ilikuwa dimanche, nyuma ya misa. Aloys aliita watu wa kwao. Maman Marie-Louise alikuja na boti toka Kalehe, pamoja na Raphaël, baba mudogo wa Aloys, yule mukubwa wa jamaa. Nilifikiri ni mambo ya shamba. Nilipika, nilipakua, walikula. Kisha Aloys akatoa barua yako mufukoni. Akasoma Kifaransa polepole, kama mutu wa tribunal. Akaanza kuigeuza Kiswahili, na Raphaël akaigeuza Kihavu ili mukwe wangu asikie. Nimesikia mambo ya moyo wangu kwa luga tatu, ku meza yangu, masahani bado chafu.

Alipofika fasi ya ukuta, Aloys aliacha kusoma.

"Hii ni kweli?" aliniuliza. "Hukutaka kumuangalia mutoto wangu?"

"Nilikuwa naogopa," nikasema. "Grégoire alikuwa ametoka kufa."

"Mimi pia nilikuwa baba ya Grégoire. Na hapa haijaandikwa uoga. Hapa imeandikwa hukumutaka. Ni ndugu yako ameandika, si mimi, si maman."

Mukwe wangu hakupandisha sauti. Alisema tu: "Mimi nilisema ni tumbo. Kumbe ni moyo."

Raphaël aliuliza kama dawa iko. Aloys akasema iko, docteur ameiandika, ni kumuondoa kwa mama yake. Wote wakaniangalia. Nilianguka ku miguu ya Aloys. Alisema: "Georgette, unakataa mutoto apone?" Ningejibu nini? Unieleze wewe uliyesoma.

Kesho yake walimushusha ku boti. Hakulia. Aliketi katikati ya nyanya yake na mifuko ya chumvi, akaona mimi nimesimama ku pwani. Boti ilikuwa bado imefungwa. Alinyosha mukono, akavuta wangu, akauweka juu ya kamba. "Fungua," alisema. Alifikiri iko mulango wa kurudia nyumbani. Mutu wa boti akaifungua ile kamba, wakaenda.

Mambo ya ukuta nilikuambia wewe peke yako. Sitakuuliza kwa nini ulimuandikia Aloys. Naomba kitu kimoja: muandikie tena, mustari mumoja tu, umuambie amurudishe. Wewe wanakusikia.

Niko na mimba. Sikuwa nimekuambia.

Georgette


Bruxelles
Tarehe 20 Januari 1976

Yaya mupenzi,

Nakutakia mwaka mwema, na pole kwa uzito wa mimba. Jitunze, kula vizuri, usibebe mayi kichwani.

Barua yako imeniumiza, na sikulala vizuri. Lakini nikiandika mustari unaouomba nitakuwa nasema uongo. Profesa anasema miezi ya kwanza mama wote wanaomba hivyo, na ule mwenye kuwakubalia ndiye anaharibu dawa katikati. Vumilia. Kuhusu Aloys, nilimueleza kama mutu wa sayansi anaeleza baba ya mugonjwa. Namna alivyosoma mbele ya watu, hiyo si mimi.

Unisaidie na kitu kimoja. Kama Aloys anaweza kuandika kila mara habari za mutoto toka Kalehe: analala namna gani, anakula nini, anaangalia watu ama hapana. Nilieleza hali yake mbele ya maprofesa mwezi uliopita. Walisimama kunipongeza. Nilitamani ungekuwa pale.

Mudogo wako,
Marcellin


Nguba, Bukavu
Tarehe 29 Agosti 1976

Marcellin,

Jambo. Hatujambo, ni kusema tunapumua.

Mwezi wa tatu nimezaa mutoto mwanaume, Lucien. Ku état civil, kule wanaandika watoto, wamekataa jina la Kikristo kwa amri ya serikali, wameandika la ukoo, lakini nyumbani ni Lucien. Akinyonya ananiangalia ndani ya macho, na mimi nashindwa kufurahi juu Aloys anachunguza namna ninamushika. Nikicheka sana anasema naigiza. Nikinyamaza anasema: "Ndiyo ile baridi docteur aliandika."

Nimeenda Kalehe bila ruhusa, Lucien ku mugongo. Unaniomba habari za Eulalie, nakuletea.

Nilimukuta nyuma ya nyumba, amefungwa kamba ku mugulu, na kamba imefungwa ku muti wa jikoni. Amekonda. Iko na alama za meno ku mukono, ni yeye mwenyewe anajiuma. Nilisimama upande wa fensi ya matete. Hakuniangalia, aliangalia kamba yake. Nikaanza kuimba ule wimbo. Alikamata kichwa na kupiga kelele mpaka mukwe wangu akatoka.

"Usiingie, Georgette," alisema. Alikuwa analia yeye pia. "Mimi sina roho mbaya. Mutoto anakimbilia mayi, na magoti yangu hayawezi kumufuata, ndiyo nimemufunga. Hali bugali, anakula ndizi tu. Ningekupa umubebe leo hii. Lakini Aloys atasema nini? Ndugu yako ndiye amekataza usimuguse."

Nikakaa chini upande wangu wa fensi, mukwe wangu akakaa upande wake. Tulikaa hivyo mpaka Lucien akaanza kulia, nikarudi.

Andika hayo. Ueleze maprofesa wasimame.

Georgette


Bruxelles
Tarehe 11 Mei 1978

Yaya mupenzi,

Salamu toka kwa mutu ambaye hajapata sauti yako karibu miaka miwili. Nimeandika, hujajibu. Nilisikia habari za vita ya Shaba mwaka jana, nikaogopa, lakini watu waliotoka Bukavu wanasema kwenu ni kutulivu. Natumaini Lucien anatembea na kusema.

Nina habari kubwa. Nilienda ku congrès moja huku, wakaja wachunguzi wa inchi nyingi, na wazazi pia. Mama mumoja alisimama mbele yetu, akasema ana watoto wanne, amewalea sawasawa, mumoja tu ndiye iko hivi. Aliomba tumuonyeshe baridi yake ilipita wapi kwa wale watatu. Nyuma yake wachunguzi walileta matokeo ya kazi yao. Yaya, ni ubongo. Mutoto anazaliwa nayo. Mama haileti. Tena watoto wanaendelea vizuri zaidi wakifundishwa na wazazi wao, nyumbani kwao.

Sayansi imebadilika sana katika miaka hii. Nimebadilisha profesa, na tèse yangu sasa inaenda upande mupya. Itakuwa ya kutetea wamama. Kwa hiyo unaweza kumurudisha Eulalie nyumbani. Muonyeshe Aloys hii barua.

Mudogo wako,
Marcellin


Kadutu, Bukavu
Tarehe 5 Novemba 1978

Marcellin,

Jambo. Barua yako ilienda Nguba, ikakaa kule, kisha mutumishi wa jirani akaniletea. Siko Nguba tena.

Umeandika "unaweza kumurudisha", kama mutu anamuruhusu jirani kuchukua sufuria yake. Sikiliza.

Lucien alipoacha kunyonya, Aloys aliniambia hawezi kungoja nimuharibu yeye pia. Alisema ana ushahidi wa munganga. Alimuweka mutoto mikononi mwa dada yake, akanipa vyombo vyangu na cherehani. Watu wetu wa kuja kunitetea walikuwa nani? Papa amekufa. Mujomba wa watoto ndiye aliandika. Sasa Aloys ameoa Yolande, musichana wa biro yao, na Lucien anamuita maman. Si musichana mubaya. Nikipita, Lucien anajificha nyuma ya nguo ya kikwembe ya Yolande.

Eulalie niko naye. Mukwe wangu alikufa mwaka huu, mwezi wa pili, na Yolande hakumutaka nyumbani. Kwa hiyo walimuleta kwangu. Yule ambaye nilikuwa sumu yake, walimuleta kwangu na kikapu. Havumi tena. Hasemi mayi, hasemi fungua. Nikimugusa anaruka kama nimemuchoma. Ananiruhusu kuweka chakula mbele yake na kurudi nyuma. Yote alikuwa nayo alipotoka kwangu imebaki Kalehe.

Barua yako nilimupelekea Aloys ku biro. Akaisoma amesimama. Akasema: "Ile ya kwanza iliandikwa na munganga. Hii imeandikwa na mudogo anahurumia yaya yake." Nikamuuliza angeamini nini. Akasema: "Aje. Akae mbele ya Raphaël na jamaa yote, aseme kwa mudomo kwamba alituambia mambo ambayo si ya kweli. Hapo mutoto wako utamuona."

Kwa hiyo sitaki vitabu wala masikitiko. Nataka uje. Eulalie hauwezi kumurudisha. Lucien unaweza.

Georgette


Bruxelles
Tarehe 18 Februari 1979

Yaya,

Salamu, na pole kwa kifo cha maman Marie-Louise. Habari zako nilizisoma nikatoka kutembea, sikujua ninaenda wapi.

Nimemuandikia Aloys kurasa nzima, na majina ya vitabu vya kuthibitisha. Kuhusu kuja: nikiacha sasa, bourse ya masomo inakatika na miaka yote imepotea. Ngoja nimalize tèse. Nikija docteur kamili, nani atapinga neno langu? Na yaya, tuelewane. Sikudanganya mutu. Niliandika kile sayansi ilikuwa inajua ile siku. Wote tulifikiri hivyo.

Nitakuja. Nakupa neno langu.

Mudogo wako,
Marcellin


Kadutu, Bukavu
Tarehe 3 Mei 1981

Marcellin,

Jambo. Padri wa parokia ameniambia alikuona Bruxelles, umenenepa kidogo, unavuta kiko. Nimefurahi uko muzima.

Kurasa zako Aloys hajazijibu. Lakini Raphaël amezeeka, na uzee umemulainisha. Alikuja Kadutu kuniona. Alikaa, akaangalia Eulalie anapanga vifungo vya nguo kwa rangi, murefu kama mimi sasa. Akaniambia: "Tarehe kumi na tano ya mwezi wa nane, Asomsio, sikukuu ya Bikira Maria, jamaa yote itakuwa hapa Bukavu. Mulete mujomba siku hiyo. Akisema, nitamuamuru Aloys mbele ya watu."

Padri anasema tèse yako inaisha mwezi wa sita. Siku ziko. Lucien ameanza masomo. Kuja.

Georgette


Bruxelles
Tarehe 12 Julai 1981

Yaya mupenzi,

Salamu za furaha. Nimetetea tèse tarehe 26 mwezi uliopita, *la plus grande distinction*, sifa ya juu kabisa. Mudogo wako sasa ni docteur. Ukurasa wa kwanza nimeandika: *Kwa dada yangu Georgette, na kwa wamama wote walioshitakiwa bure.* Watu walilia ku salle. Habari ya Eulalie iko ku sura ya tatu, bila jina lake. Nitakutumia kitabu.

Yaya, kuhusu tarehe kumi na tano. Wamenipa kazi ku nyumba mupya ya watoto, ya kufundisha na wazazi ndani, kama nilivyoota. Inaanza tarehe moja Agosti, na mutu mweusi wa kwanza hawezi kuomba ruhusa wiki ya pili. Mambo ya pasipoti pia si rahisi. Nikiingia Zaïre sijui kama wataniacha kutoka. Mwaka ujao, bila kukosa. Soma mbele ya Raphaël ile barua ya kumi na tisa sabini na nane. Iko wazi kabisa.

Mudogo wako,
Docteur Marcellin


Kadutu, Bukavu
Tarehe 7 Februari 1982

Marcellin,

Sikuulizi hali yako. Utaelewa.

Siku ya Asomsio walikaa, Aloys, Yolande, baba wadogo, wote, ku nyumba ya Raphaël. Lucien alikuwa amevaa soksi nyeupe. Mimi nilifika na Eulalie, tukakaa karibu na mulango. Raphaël akauliza: "Mujomba iko wapi?"

Barua yako ilikuwa ndani ya sakosi yangu ya mukono. Nilitaka kuitoa. Nikaona haya, si haya yangu. Nikasema: "Iko mugonjwa sana."

Uongo huo sikuutayarisha. Raphaël akasema: "Basi tungoje apone." Wakala, tukatoka.

Tangu siku ile watu wa Aloys wanauliza habari za mugonjwa. Ku soko, ku misa. Hata Yolande aliniuliza, kwa roho safi. Nilijibu: bado. Noeli ikapita, bado. Mwezi wa kwanza Raphaël alinikuta ku njia, ameshika fimbo yake, akauliza tena. Nilikuwa nimechoka, Marcellin. Nikamuambia: "Amekufa."

Alivua kofia. Ile saa nilifikiri nimefanya dhambi kubwa, nitaungama kesho. Lakini mbele ya jua kushuka walikuwa wanafika kwangu. Walileta maharagi, mukeka, pombe ya kasiksi. Na Aloys akaja na Lucien amemushika mukono, akasema: "Mutoto hawezi kukosa kilio cha mujomba wake." Hiyo haikuhitaji barua ya munganga.

Nililia. Wamama wa Kadutu wanasema hawajaona mutu analia ndugu namna ile. Sikuigiza. Nilikuwa nalia mutoto niliyemulea, yule aliyesimama nje ya mulango akalia juu ya kijana wa kifuniko. Huyo alikufa kweli, sijui siku gani.

Lucien alilala kwangu siku zote za kilio. Siku ya kwanza aliniogopa. Ya pili aliuliza kwa nini Eulalie hasemi. Nikamuambia amezaliwa hivyo, hakuna mutu alimufanyia. Akakubali, akaenda kupanga vifungo naye. Akikosea rangi, Eulalie anaondoa mukono wake polepole na kuweka kifungo fasi yake. Sikuwa nimemuona akigusa mutu tangu Kalehe.

Aloys alipokuja kumuchukua alikaa kidogo. Hakuomba musamaha. Alisema: "Sasa huna mutu tena, Georgette. Mutoto atakuja kila vakansi." Raphaël alikuwa pale, akasema neno hilo ni kama limeandikwa. Parokia imekusomea misa.

Kitabu chako kimefika. Sikukifungua. Nimekirudisha kwa padri, nikamuomba akirudishe kule kilitoka, na nikamuambia yote ku kitubio, kwa hiyo hatasema.

Sasa sikia neno la mwisho la mutu aliyekupikia. Usiandike tena, juu mufu haandiki. Usitume salamu kwa watu wanaokuja Bukavu. Siku wakijua uko muzima, Aloys atasema nimewacheza, na Lucien hatakanyaga kwangu. Ukirudi Zaïre, kaa Kinshasa, kaa Kisangani, pale wanahitaji madocteur. Huku usifike. Ulikuwa na siku moja ya kuja, na hiyo imepita.

Vakansi ya Pasaka iko karibu. Nimeshona shuka ya Lucien. Nitamulaza upande wa dirisha, Eulalie anapenda upande wa ukuta.

Georgette,
mama ya Eulalie na Lucien